Canal du Midi kwa baiskeli: mwongozo kamili wa kutoka Toulouse hadi baharini bila haraka

Mfereji wa Canal du Midi, kusini mwa Ufaransa, una urefu wa kilomita 240 kutoka mji wa Toulouse hadi ziwa la maji ya chumvi la Thau, pembeni mwa Bahari ya Mediterania. Kilele cha njia nzima kipo Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Toulouse hadi hapo ni kilomita 52, na katika mwendo wote huo unapanda mita zisizofika 60. Baada ya hapo ni kushuka taratibu hadi baharini.

Ukisoma tarakimu hizo unaweza kudhani kilomita 70 kwa siku ni mchezo wa watoto. Wengi hupanga hivyo, na siku ya tatu viganja vimekufa ganzi na makalio hayataki kuguswa. Hakuna mlima wa kukuchosha hapa. Kinachochosha ni mizizi ya miti, changarawe na njia nyembamba inayopita sentimita chache kutoka kwenye maji. Kwa hiyo kila siku ya safari ipange kwa kuangalia hali ya njia kwanza, kilomita baadaye. Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni hiyo: siku saba za kuendesha, moja ya kupumzika, na siku ndefu kuliko zote haizidi kilomita 43.

Mfereji wenyewe, kwa kifupi

Usipoelewa jinsi mfereji unavyofanya kazi, utapita kando ya mambo makubwa ukidhani ni kuta kuukuu. Mfalme Louis XIV alitoa amri ya kuuchimba mwaka 1666, na kazi ikakabidhiwa Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi mzaliwa wa Béziers. Alitia fedha zake nyingi kwenye kazi hiyo, akafa Oktoba 1680 akiacha madeni, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa Mei 1681. Kazi ilipopamba moto walikuwepo vibarua wapatao 12,000, wanawake wakiwemo, na walilipwa hata siku za mvua na za mapumziko, jambo lisilo la kawaida kwa enzi ile.

Tatizo halikuwa kuchimba. Tatizo lilikuwa maji. Mfereji unaovuka kilele huyamwaga maji yake pande zote mbili kila mashua inapopita, kwa hiyo lazima kilele kilishwe maji mapya daima. Riquet aliyatoa kwenye milima ya Montagne Noire, akajenga bwawa la Saint-Ferréol kati ya 1667 na 1672, kisha akayaongoza kwa mitaro hadi Naurouze. Hapo yanagawanyika: mengine yanaelekea upande wa Atlantiki, mengine Mediterania. Mwaka 1996 mfereji uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Malango ya maji, ambayo kwenye mabango yameandikwa "écluse", ndiyo ngazi za mashua. Mashua huingia kwenye chumba cha mawe, milango hufungwa, maji hujazwa au kupunguzwa, kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Angalia umbo la vyumba hivyo: kuta zimebinuka mithili ya yai. Ukuta wa lango moja la mwanzo ulibomoka kwa kusukumwa na udongo, na tangu hapo kuta zikajengwa kwa kupinda ili ziukabili msukumo huo kama tao lililolazwa ubavu.

Hatua ya kwanza: msimu na uelekeo

Nenda kati ya katikati ya Aprili na mwisho wa Juni, au Septemba hadi katikati ya Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na kivuli cha zamani hakipo tena kila mahali, kwa sababu tutakayoieleza mbele. Majira ya baridi sehemu za mfereji hukaushwa kwa matengenezo, na utaendesha kando ya shimo la tope. Mwenye mzio ajue kwamba Aprili na Mei miti ya platani humwaga manyoya madogo yanayowasha macho na koo. Miwani isiyoacha upenyo pembeni inasaidia sana.

Aliyezoea ikweta ajiandae pia kwa saa za mwanga. Mwezi Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku. Mwishoni mwa Septemba linazama kabla ya saa mbili. Usipange siku ya Oktoba kwa mazoea ya Juni.

Anzia Toulouse uelekee baharini, si kinyume chake. Sababu ni upepo. Upepo mkuu wa nyanda za Aude huitwa Cers. Unatoka magharibi na kaskazini-magharibi, nao hukusukuma mgongoni kuanzia Castelnaudary hadi karibu na pwani. Mpinzani wake ni Autan, unaotoka kusini-mashariki na kupiga sana upande wa Lauragais, kati ya Toulouse na Castelnaudary. Autan ukianza huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Ukikukuta siku ya kwanza, usishindane nao kwa miguu: shusha gia, kubali kilomita 10 kwa saa, na fupisha siku. Kuna stesheni za treni karibu na mfereji hadi Castelnaudary, hutakwama.

Hatua ya pili: karatasi

Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, hata kama anaishi Uingereza au Omani. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na wakati wa msimu siku 15 hazitoshi kamwe. Omba miezi mitatu kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya matibabu lazima igharimie angalau euro 30,000. Pasi iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka. Waombaji wa safari ya baiskeli hukosea kitu kimoja: wanapeleka nafasi ya malazi ya usiku wa kwanza tu, wakidhani mengine yatajipanga njiani. Weka nafasi za usiku wote zinazoweza kufutwa bila malipo, na ambatisha karatasi moja inayoonyesha tarehe, mji na kilomita za kila siku.

Hatua ya tatu: baiskeli na mizigo

Acha baiskeli ya mashindano nyumbani. Tairi lake la milimita 25 au 28 litakula mizizi hadi rimu ipinde. Chagua baiskeli ya utalii au ya milimani yenye tairi la milimita 40 hadi 47. Gia nyingi si lazima, maana hakuna mlima. Breki nzuri na kiti unachokijua ni lazima. Kama unakodi Toulouse, uliza mapema kama unaweza kuiacha Béziers, Agde au Sète, na kama una kiti chako ulichokizoea, kibebe ndani ya sanduku. Kiti kigeni kwa siku nane ni adhabu.

Upepo wa tairi ndio unaoamua kama mikono yako itafika salama. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye mzigo wa kilo 12, kwenye tairi la milimita 42, jaza kama psi 40 (kipimo cha shinikizo la upepo kinachoonekana kwenye geji ya pampu) mbele na 50 nyuma. Kwenye lami unaweza kuongeza kidogo, lakini ukifika Trèbes punguza hadi 35 na 45. Wanaojaza hadi mwisho wakiogopa pancha hupata kinyume chake: tairi gumu halilali juu ya jiwe, linaruka, na spoki za nyuma zinaanza kukatika. Nalo tairi laini mno likigonga mzizi hubana tyubu kwenye rimu, nayo inatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona hayo mawili, usitafute mwiba, ongeza upepo.

Mzigo usizidi kilo 15. Uweke kwenye mifuko miwili ya pembeni juu ya keria ya nyuma, vitu vizito chini kabisa na pande zote mbili zilingane. Begi la mgongoni halifai. Uzito wake wote unashukia kwenye kiti, na mgongo unaloa jasho kutwa. Kaza skrubu za keria kabla ya kuondoka na uzikague kila jioni, kwa kuwa mtikisiko wa mizizi huzilegeza.

Vifaa vya kubeba ni hivi: tyubu mbili za saizi yako, viraka na solusheni, vyuma vitatu vya kutolea tairi, pampu, spana za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, kifaa cha kukatia mnyororo pamoja na pingili ya kuungia, chupa ndogo ya mafuta ya mnyororo, na kamba chache za plastiki za kubana. Hakikisha pampu inaingia kwenye vali yako. Baiskeli nyingi za Ufaransa zina vali nyembamba yenye kinati kidogo juu, ambacho lazima kilegezwe kwanza. Pampu ya vali nene kama ya gari haitashika hapo bila kiunganishi.

Sheria nazo zina mahitaji yake: kengele, taa ya mbele na ya nyuma, na vioo vya kuakisi mwanga. Nje ya mji usiku au penye ukungu ni lazima kuvaa fulana ya kung'aa. Mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae kofia ngumu, na mtu mzima aivae kwa akili yake. Spika za masikioni zimekatazwa ukiwa unaendesha.

Hatua ya nne: hesabu ya muda

Kwenye lami, mtu asiye na haraka na mwenye mizigo huenda kilomita 14 kwa saa. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa huenda 11 au 12. Kwenye mizizi huenda 8 au 9. Gawanya kilomita kwa mwendo huo upate saa za gurudumu, kisha ongeza nusu yake kwa kunywa, kupiga picha na kutazama mashua kwenye malango. Toulouse hadi Gardouch, kilomita 39 za lami, ni chini kidogo ya saa tatu za gurudumu. Trèbes hadi Homps, kilomita 27 tu, zinakula saa tatu zilezile. Tofauti hii isipoingia kwenye mpango, jioni utakuwa unatafuta nyumba ya wageni gizani.

Alama za njia zimeandikwa V80, jina la njia ndefu ya baiskeli inayounganisha bahari mbili. Njia hubadilisha upande wa maji mara kadhaa, na mara nyingi upande mwingine nao una kinjia kinachokuvuta, kisha kinaishia vichakani. Fika darajani, simama, tafuta kibao, ndipo uamue.

Siku kwa siku

Siku ya 1, Toulouse hadi Gardouch, kilomita 39. Ukitoka nje ya kituo cha treni cha Matabiau mfereji uko mbele yako, na lango la Bayard lipo hapohapo. Kilomita chache za kwanza unaandamana na magari, vumilia. Baada ya bandari ndogo ya Saint-Sauveur na kitongoji cha Ramonville mji unaisha, na lami inaendelea chini ya miti. Hii ndiyo siku ya kuzoea baiskeli: simama kila baada ya kilomita 10, rekebisha urefu wa kiti, kaza kilicholegea. Kwenye lango la Négra tazama majengo yaliyobaki. Hapo ndipo abiria wa mashua ya posta, iliyovutwa na farasi, walishuka kula mchana. Safari yao ya Toulouse hadi Agde ilichukua siku nne. Njia unayoendeshea ndiyo waliyopita farasi hao.

Siku ya 2, Gardouch hadi Castelnaudary, kilomita 26. Ni fupi kwa makusudi, kwa ajili ya Naurouze. Lami inaisha karibu na Port-Lauragais, kisha unapita lango linaloitwa Océan, la mwisho la kupanda. Acha mfereji hapo ufuate vibao hadi bwawa la zamani la pembe nane, ambalo sasa ni bustani ya miti mirefu, na utafute mahali mtaro wa mlimani unapoingia. Unaweza kusimama ukatazama maji yakichagua bahari. Kaa saa nzima. Mbele kidogo lipo lango la Méditerranée, na kuanzia hapo maji yote yanakwenda unakokwenda wewe.

Mwenye siku mbili za ziada afuate mtaro wa nyanda kutoka Naurouze hadi bwawa la Saint-Ferréol. Njia ni ya udongo na kivuli kingi, na bila bwawa lile mfereji huu usingekuwepo.

Castelnaudary ni mji wa kasulè, maharage meupe yaliyopikwa polepole kwenye bakuli la udongo pamoja na bata na soseji. Asiyekula nguruwe ajihadhari: soseji hiyo na ngozi iliyo ndani ya mchuzi kwa kawaida ni ya nguruwe, hata pale menyu inapotaja bata pekee. Nyama ya halali inapatikana kirahisi zaidi kwenye miji mikubwa, yaani Toulouse, Carcassonne na Béziers. Katikati yake tegemea samaki, mayai, jibini na mkate.

Siku ya 3, Castelnaudary hadi Carcassonne, kilomita 40. Malango ni mengi kuanzia yale manne ya Saint-Roch yaliyopangana kama ngazi. Njia ni changarawe, nzuri ikiwa kavu. Mvua ikinyesha udongo wa hapa hugeuka gundi: unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Usilazimishe. Toa tope kwa kijiti, na kama mvua haikati hamia barabara ndogo ya magari inayoandamana na mfereji. Pumzika Bram, karibu katikati ya siku.

Siku ya 4 ni ya kupumzika Carcassonne. Ngome yake ya zamani ina kuta mbili na minara 52, na ilikarabatiwa karne ya 19 chini ya mchoraji majengo Viollet-le-Duc. Nenda asubuhi mapema kabla mabasi hayajafika. Baiskeli iache imefungwa mjini chini, kwa maana juu ni mawe na umati. Jambo la kuchekesha la kihistoria: mji huu ulikataa kuchangia fedha wakati wa Riquet, mfereji ukapitishwa mbali, na wakazi wakajutia hadi ulipohamishwa na kufunguliwa upya mwaka 1810. Jioni kagua breki, spoki na keria. Kesho ndiyo siku ngumu.

Siku ya 5, Carcassonne hadi Homps, kilomita 40. Hadi Trèbes unakwenda vizuri. Kuanzia hapo, kupitia Marseillette na Puichéric, ndipo mizizi ilipo. Shika usukani kwa vidole vilivyolegea, inua makalio kidogo unapovuka mzizi, acha baiskeli icheze chini yako. Tazama mbele mita tano, si kwenye gurudumu. Mzizi uliolala sambamba na njia ndio hatari kuliko uliokatiza, kwa sababu unalitelezesha gurudumu pembeni, na pembeni ni maji. Penye njia nyembamba mno, shuka utembee. Mita mia moja za kutembea hazikupunguzii kitu. Chini ya madaraja ya kale tao ni fupi na kona haionekani: piga kengele, inamisha kichwa, punguza mwendo.

Hapa pia utaona pengo la miti. Platani zapatazo 42,000 zilikuwa zimepandwa kando ya mfereji, nyingi karne ya 19, zitie kivuli na kushikilia kingo. Mwaka 2006 iligunduliwa hapa kuvu inayoziba mishipa ya mti na kuuua, nayo husambaa kupitia majeraha, mizizi inayogusana na maji yenyewe. Mti ulioambukizwa hauna tiba, hukatwa na kuchomwa pamoja na jirani zake. Maelfu kwa maelfu yameshaondoka, na miche ya aina tofauti tofauti imepandwa badala yake. Kwako wewe maana yake ni mbili: beba lita tatu za maji na kofia kwa sehemu zilizo wazi, na usijeruhi mti kwa mnyororo wa baiskeli, msumari wala kamba ya hema. Inauma kuona kisiki baada ya kisiki. Usiuongezee kovu mti uliobaki.

Siku ya 6, Homps hadi Capestang, kilomita 43. Baada ya lango la Argens unaingia kwenye kipande cha kilomita 54 kisicho na lango hata moja, kwani Riquet alifuata mkunjo wa vilima badala ya kuvikata. Njia inazunguka sana. Unaona mnara wa kanisa mbele, kisha kulia, kisha mbele tena. Baada ya Paraza vuka daraja-mfereji la Répudre, la 1676, mojawapo ya ya kwanza kabisa duniani kubebesha mfereji juu ya mto. Wengi hulipita bila kujua kwamba chini yao kuna mto; shuka upande wa bonde ulitazame kutoka chini. Kula mchana Le Somail, penye daraja la mgongo wa ngamia.

Siku ya 7, Capestang hadi Béziers, kilomita 20. Ni fupi tena, kwa kuwa ina vitu vitatu vikubwa. Kwanza Malpas, ambapo mfereji unapita ndani ya kilima kwa tundu lililochimbwa mwaka 1679. Wewe unapita juu. Ndani ya kilima hichohicho kuna tundu la reli, na lingine la karne ya 13 linalotoa maji ya ziwa la Montady. Pili, panda kwenye magofu ya Ensérune uone ziwa hilo lililokaushwa mwaka 1247, mashamba yake yamekatwa kama vipande vya keki ya duara. Tatu ni Fonserannes, ngazi ya maji inayozishusha mashua zaidi ya mita 21. Mteremko wa pembeni yake una watu wengi. Shuka baiskeli uisukume. Kisha mfereji unavuka mto Orb juu ya daraja lililokamilika 1858.

Siku ya 8, Béziers hadi Marseillan, kilomita 35. Mwanzo ni lami tambarare hadi Portiragnes. Karibu na Agde tafuta lango la duara, lenye milango mitatu kwa pande tatu. Kilomita za mwisho ni mchanga na vumbi. Punguza upepo wa tairi na usikate kona ghafla. Mfereji unaishia kwenye mnara mdogo wa taa wa Les Onglous, na mbele yako ni ziwa la Thau, maarufu kwa chaza. Mwenye nguvu bado aendelee hadi Sète, kama kilomita 20, kwa njia nzuri ya baiskeli kati ya ziwa na bahari.

Yanayoharibika njiani

Pancha ndiyo ya kwanza. Kusini mwa Ufaransa huota mbigili, mmea uleule unaojulikana Afrika Mashariki kwa kuchoma nyayo. Usiegeshe baiskeli kwenye majani makavu ya pembeni. Ikitokea, fanya hivi:

1. Toa mfuko wa mzigo, kisha gurudumu. La nyuma, weka gia kwenye meno madogo kabisa kwanza.
2. Toa tairi upande mmoja tu, vuta tyubu, ijaze upepo, isogeze karibu na mdomo uhisi inapovuja.
3. Linganisha tundu na mahali pake kwenye tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi zima, si kidole: kitambaa kitanasa mwiba, kidole kitachomwa. Mbigili moja ikibaki, tyubu mpya itadumu dakika kumi.
4. Weka tyubu mpya ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje. Rudisha tairi kwa viganja, chuma kitumie mwisho kabisa.
5. Jaza, zungusha, hakikisha tairi limekaa sawa pande zote. Tyubu iliyotoboka izibe jioni: paka solusheni, subiri ikauke hadi ising'ae, ndipo ubandike kiraka. Kiraka kinachobandikwa kwenye solusheni mbichi hubanduka.

Spoki moja ikikatika, ifunge kwa kamba ya plastiki kwenye jirani yake, legeza breki ya rimu kama inagusa, na uende polepole hadi mji wenye fundi. Mbili zikikatika, panda treni.

Ganzi ya vidole inatokana na kuegemea usukani. Inua usukani sentimita moja au mbili, na badilisha mshiko kila dakika kumi. Kwa michubuko ya mapajani, vaa kaptula ya baiskeli bila nguo ya ndani, paka mafuta mazito kabla ya kuanza, na ifue kila usiku.

Njaa nayo ni hitilafu. Maduka ya vijijini hufungwa mchana. Kibao kikiandika 12:00 na 14:00 maana yake ni saa sita hadi saa nane. Jumapili mchana na Jumatatu mengi hayafungui kabisa. Nunua mkate, matunda na jibini kila siku kabla ya saa tano. Ukikosa kula mgahawani mchana kati ya saa sita na saa nane, hutapata chakula hapo hadi saa moja jioni. Bomba lenye maneno "eau non potable" si la kunywa. Penye shida ya maji, makaburi ya vijiji huwa na bomba. Soma kibao chake kwanza. Maji ya mfereji usiyanywe, usiyachemshe, wala usioge ndani yake.

Dharura ya aina yoyote, piga 112. Kila lango lina jina lake kwenye kibao. Taja jina hilo, waokoaji watakupata haraka kuliko ukieleza miti na kona.

Kurudi

Stesheni za Agde, Béziers na Sète zipo kwenye reli inayorudi Toulouse kupitia Narbonne na Carcassonne. Treni za mkoa, zinazoitwa TER, hubeba baiskeli nzima, ila nafasi ni chache na anayewahi ndiye anayening'iniza. Epuka Ijumaa jioni na siku za sikukuu. Treni za masafa marefu zinataka uikatie baiskeli nafasi pamoja na tiketi yako. Fika nusu saa kabla, toa mifuko ukiwa bado jukwaani, na simama karibu na behewa lenye alama ya baiskeli. Mlango ukifunguka una dakika mbili tu.